Gari inayozimika ikisimama: tulipima nini, na nani tulimsingizia

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkubwa wa wanachama, Kasongo, na mfanyakazi wa shirika linaloshirikiana na chama chetu. Tumeyaacha jinsi yalivyosemwa. Tumepunguza tu mahali pa kurudia.

 

Niliombwa niongee juu ya gari ya chama. Komite ilitaka nieleze kwa nini ilikuwa inazimika, fedha ziliendaje, na sasa iko namna gani. Nitaeleza hayo yote. Lakini nataka muelewe mapema kwamba sikuja hapa kama fundi. Mimi nilisomea maendeleo ya vijijini kule Bukavu, sikusomea garaji. Nimekuja juu mimi njo nilitoa shauri baya katika jambo hili, na shauri lile liligharimu chama fedha, na liligharimu mwenzetu mmoja jina lake. Wazee walisema mficha uchi hazai. Basi niufunue.

Tuanze na safari ile

Wote munajua gari yetu ni Toyota RAV4 ya zamani, ile ya kizazi cha kwanza, injini ya esansi. Mvua za mwezi wa kumi na moja zilikuwa zimeanza. Usiku mmoja tuliitwa kumchukua mama mmoja mjamzito upande wa Kabambare, uchungu umemshika tangu asubuhi, na kituo cha afya kimeandika karatasi apelekwe hospitali kubwa ya Kasongo. Shofa wetu alienda. Mimi nilikuwa ndani ya gari, nilikuwa natoka kwenye kazi yangu huko huko.

Gari ilitembea vizuri. Lakini kila alipoondoa mguu ku mafuta ili apunguze mbele ya daraja la miti, injini ilizima. Anawasha, tunavuka, tunaenda kilometa mbili tatu, kunakuja shimo lingine, anapunguza, inazima tena. Mara ya tano batri ikachoka. Vijana wa kijiji waliamka, wakatusukuma ndani ya matope huku mama analia kiti cha nyuma. Tangu hapo shofa hakuondoa mguu tena. Kila tuliposimama alikaa amekanyaga mafuta kidogo, injini inanguruma, mkono mmoja ku breki ya mkono. Tulifika Kasongo jua linatoka. Mtoto alizaliwa mzima, ashukuriwe Mungu, na mama yake yuko hapa kati yetu.

Ninasimulia hii ili mujue kwamba tunaposema «gari ina ka shida kadogo ka kuzimika», kale kadogo kanaweza kuua mtu.

Ralanti ni nini?

Nieleze kwanza kitu chenyewe, juu wengi tunakisikia tu mdomoni mwa mafundi. Ralanti ni ule mzunguko wa polepole wa injini wakati gari imesimama, au wakati umeondoa mguu ku mafuta. Waliokaa Kigoma na Nyarugusu wanaiita sailensi. Kwa gari kama yetu, injini ikishapata moto, ralanti inakuwa mizunguko kama 700 hadi 800 kwa dakika. Ikishuka sana, injini inatetemeka halafu inakufa. Ikipanda sana, inakula esansi bure na gari inataka kukimbia yenyewe.

Nyinyi wa taxi-moto hii munaijua kuliko mimi. Ku karbirateri ya pikipiki kuna ile visi ndogo. Asubuhi pikipiki ikiwa ya baridi inazimazima, unaifunga visi kidogo, mzunguko unapanda. Ikishapata moto, unairudisha. Unafanya kwa mkono na kwa sikio.

Gari ya esansi kama yetu haina karbirateri. Ina njia ya hewa yenye kibati cha mviringo ndani yake, mafundi wanakiita papiyoni. Ukikanyaga mafuta, papiyoni inafunguka, hewa inaingia, na kalkilateri, ile kompyuta ya gari, inapima hewa ile na kunyunyiza esansi inayolingana nayo. Ukiondoa mguu, papiyoni inafunga. Sasa kama imefunga, injini itapumua namna gani? Kuna kijia kidogo kando yake, na ndani ya kijia kile kuna valvu inayoendeshwa na umeme. Hiyo njo valvu ya ralanti. Ni sawa na visi ya pikipiki yako, lakini anayeizungusha ni kalkilateri. Injini ikiwa baridi inaifungua zaidi. Ukiwasha taa kubwa au klima, inaifungua tena kidogo ili injini isilemewe. Ikipata moto, inaipunguza.

Wenzetu wanaoendesha Land Cruiser za mazuti, zile za mashirika, wasitafute valvu hii kwao. Ile injini ya zamani ya mazuti ralanti yake inatengenezwa ndani ya pompa ya mazuti. Ni habari nyingine.

Mambo matatu yanayofanana

Gari ikizimika ukiondoa mguu, sababu ni nyingi, lakini ku upande wa hewa ziko tatu kubwa, na zote zinaonekana sawasawa kwa mtu aliyeketi kiti cha shofa.

Ya kwanza ni uchafu. Masizi meusi yanajaa ku papiyoni na ndani ya valvu, kijia kinaziba, au valvu inakwama.

Ya pili ni hewa ya wizi. Tiyo moja ya mpira imepasuka, hewa inaingia bila kupita mahali inapopimwa, injini inachanganyikiwa. Mara nyingi hapo mzunguko unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kama mtu anayehema.

Ya tatu ni umeme: waya, fishi, masi, fizibli, au koili za ndani ya valvu yenyewe, au kwa nadra kalkilateri. Hapo valvu inaweza kuwa nzima kabisa, lakini amri haiifikii.

Dawa ya ya kwanza ni kusafisha. Ya pili, kubadilisha tiyo. Ya tatu, kufuata waya mpaka ukute mahali palipokatika. Kununua valvu mpya kunaponya jambo moja tu: valvu iliyokufa. Sisi tulianza na kununua.

Jinsi tulivyokosa

Gari ilipelekwa kwa fundi mmoja. Fundi alisafisha papiyoni, akatazama tiyo, hakukuta mpasuko. Akasema: valvu imekufa. Komite iliniuliza mimi, juu mimi niko na testa ya umeme niliyotumia ku kazi ya sola. Nikaenda asubuhi, gari imelala ndani ya uwanja, injini baridi. Nikachomoa fishi ya valvu, nikaweka kontakti, nikapima waya wa katikati: volti 12 na kitu. Nikapima zile waya mbili za pembeni mpaka ku kalkilateri: testa ikalia, waya zinapitisha. Nikasema kwa kiburi cha mtu aliyesoma: «Waya ni nzima, basi ni valvu.»

Valvu yenyewe sikuipima. Sielewi mpaka leo kwa nini. Ingenichukua dakika mbili.

Tukatuma fedha Bukavu. Valvu ya kutumika, dola 120. Kuileta mpaka hapa, dola 25. Ilikaa njiani wiki tatu. Tukaiweka. Siku mbili za kwanza gari ilitembea vizuri, tukapiga makofi. Siku ya tatu ikazimika ku njia ya Kabambare, mahali pale pale.

Sasa sikilizeni sehemu ya uchungu. Katika wiki zile, safari iliyokuwa inakula lita 20 ilianza kula lita 26, lita 27. Mwekahazina aliona ku kaye ya gari, akauliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, ile ni mali ya wote. Maneno yakaanza kutembea: shofa anateremsha esansi usiku, anawauzia wale kadafi wa kando ya njia. Shofa alijitetea: «Nakaa nimekanyaga mafuta juu gari inazima. Nikiwa na mgonjwa sizimi injini, juu batri inaweza kukataa.» Tukamjibu kwamba gari imeshawekwa valvu mpya. Mimi njo niliandika karatasi ya kumsimamisha. Niliandika vizuri, na muhuri ukagongwa. Miezi miwili alikaa nyumbani bila posho, mtu aliyerudi kutoka Nyarugusu na watoto watano, na majirani wanamwangalia kama mwizi.

Kaye ilikuwa inasema

Shofa mwingine alipoanza kuendesha, esansi haikupungua. Ikabaki lita 26. Hapo nikashikwa na haya. Nikaichukua kaye ya gari, nikaisoma upya nyumbani usiku.

Ile kaye ina mistari: tarehe, safari, kilometa, esansi, na mwisho kabisa «maoni». Sisi wote tulikuwa tunasoma mstari wa esansi. Ku maoni, shofa wetu alikuwa ameandika kwa wiki nyingi, kwa maandishi madogo: «Imezimika mara nne, kisha njia mbaya.» «Asubuhi haizimi, mchana inazima.» «Nimesimama Kasongo saa nzima inawaka, haikuzima.» «Imezimika baada ya mashimo, nimefungua mbele nikagusa waya, ikawaka vizuri.»

Nimefungua mbele, nikagusa waya, ikawaka vizuri. Jibu lote lilikuwa limeandikwa mle, kwa mkono wa mtu tuliyemfukuza. Yeye alikuwa anatuambia kwamba ugonjwa unakuja gari ikiwa na moto na ikitikiswa. Mimi niliipima ikiwa baridi na imelala. Ni sawa na kumpima mgonjwa wa malaria siku ambayo homa imeshuka, halafu kumwambia: wewe ni mzima, unadanganya.

Nilienda kwake. Sikujua nitasema nini. Nikamwambia tu: «Kaka, nimesoma kaye. Ninaomba uje utuoneshe.» Alinyamaza kidogo, akachukua kofia yake.

Jinsi ilivyopatikana

Tulikuwa watu watatu: yeye, mimi, na kijana mmoja wa chama aliyejifunza ufundi akiwa kambini Tanzania. Nieleze hatua kwa hatua, ili hata wengine muweze kuzifuata.

Moja. Hatukufungua kitu. Tuliendesha gari kwanza ku njia mbovu nusu saa, mpaka ikawa na moto na ikaanza kuzima. Ugonjwa uonekane kwanza, njo upime.

Mbili. Tulisoma taa ya injini. Gari zenye umri huu za Toyota mara nyingi zina kisanduku kidogo ndani ya boneti, kimeandikwa ku kifuniko chake. Unaunganisha tundu la TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unaweka kontakti bila kuwasha injini, na taa ya injini ku dashibodi inapepesa, unahesabu mapepeso. Gari za mpya zaidi zina tundu la miguu 16 chini ya usukani, unachomeka mashine ndogo, inakupa namba. P0505 inasema mpango wa ralanti una shida. P0506, ralanti iko chini kuliko inavyotakiwa. P0507, iko juu. P0511, shida iko ku njia ya umeme ya valvu. Lakini musidanganyike: namba inakuonesha mtaa, haikuoneshi nyumba. Na ugonjwa wa kuja na kuondoka unaweza usiandike namba yoyote. Kwetu taa ilikuwa inapepesa bila kusimama, maana yake kalkilateri haijashika kosa lolote. Mtu mvivu angesema: basi gari ni nzima.

Tatu. Hapa kijana alitufundisha kitu. Valvu ya gari yetu ina waya tatu. Wa katikati unaleta umeme. Wa pembeni mmoja ni wa kufungua, wa pembeni mwingine ni wa kufunga, na kalkilateri inavuta pande hizo mbili kama watoto wawili wanaovutana kamba, mpaka valvu ikae mahali inapotaka. Waya wa kufunga ukikatika, upande wa kufungua unashinda, injini inanguruma. Waya wa kufungua ukikatika, upande wa kufunga unashinda, njia ya hewa inaziba, injini inazima. Ukichomoa fishi yote, hakuna anayevuta, na sumaku ya ndani inaiweka valvu mahali pa katikati.

Basi gari ilipokuwa inataka kuzima, shofa akiwa ameshikilia mafuta, kijana akachomoa fishi. Shofa akaondoa mguu. Injini haikuzima! Ilikaa kama mizunguko 1000 hivi, juu kidogo ya kawaida, lakini hai. Kijana akacheka. «Munaona? Valvu haikukwama. Ingekwama kwa masizi, kuchomoa fishi kusingebadilisha kitu. Umeme njo unaoiua, na ni upande wa kufungua.» Kwa dakika moja, bila fedha, tulijua mambo mawili: valvu inatembea, na ni waya gani wa kufuata.

Nne. Tukapima valvu zote mbili, ya zamani na ile ya dola 120. Kutoka mguu wa katikati kwenda kila mguu wa pembeni, kwa valvu ya namna hii, testa inapaswa kuonesha kama omu 20, na pande mbili zikaribiane. Ingeonesha hakuna kitu, koili imekatika. Ingeonesha karibu na sifuri, koili imeungua. Ya zamani ilionesha 20 na 21. Valvu yetu ya zamani ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Tano. Tukafuata waya. Tulitoa masi ya batri kwanza, tukachomoa fishi ya valvu na fishi ya kalkilateri, ili umeme usiguse kalkilateri hata kidogo. Hili ni lazima, kalkilateri ikiungua hakuna wa kuitengeneza hapa. Testa ikasema tena waya wa kufungua ni mzima. Kijana akasema testa ya namba inapitisha umeme mdogo mno, nayo inachelewa; waya ukikatika kwa nusu sekunde haioni. Akatengeneza kitu cha bure: taa ndogo ya wati 5, ile ya pembeni ya gari, akaipa umeme wa batri kwa kupitia waya ule. Waya wa kufunga: taa nyeupe, hata ukiutikisa. Waya wa kufungua: taa inawaka, lakini alipoanza kutikisa mkusanyiko wa waya karibu na ukuta wa injini, ikawa nyekundu kama makaa, ikazima, ikawaka, ikazima.

Sita. Tukafungua utepe mweusi pale pale. Ndani tulikuta kiungo cha zamani. Kabla gari haijawa yetu, mtu fulani alikata waya, akausokota kwa mikono na kufunga utepe, bila kuuchomelea. Vumbi la kiangazi na maji ya masika viliingia humo. Shaba ilikuwa imegeuka kijani, unaigusa inakuwa unga. Ilipokuwa baridi na imetulia, nyuzi ziligusana. Ilipopata moto na kutikiswa, ziliachana.

Tukakata sehemu yote iliyooza, tukaweka kipande kipya, tukachomelea kwa risasi, tukafunga vizuri, tukakisogeza mbali na mahali pa moto na kukifunga kisichezecheze. Gharama yote: dola 3. Tukarudisha masi ya batri, tukaacha injini iwake dakika kumi ili kalkilateri ijifunze upya, juu ukitoa batri inasahau. Kisha tukaenda ku njia ile ile mbovu, shofa wetu ku usukani. Alisimama juu ya kila shimo. Haikuzima hata mara moja. Kwenye mlima wa mwisho aliondoa mikono ku usukani, akaondoa mguu, akanitazama. Hakusema kitu. Na mimi sikuwa na la kusema.

Hesabu

Wafadhili, hii ni yenu. Valvu na usafiri wake: dola 145, hazikuponya kitu. Valvu ile iko ndani ya sanduku la chama kama akiba, imepimwa na ni nzima. Matengenezo ya kweli: dola 3. Esansi imerudi lita 20 kwa safari ile ile, safari tatu mfululizo, munaweza kuangalia kaye. Posho ya shofa ya miezi miwili, dola 60 kila mwezi, jumla dola 120, komite imekubali kumlipa kwa mara tatu, dola 40 kila mara. Ya kwanza imelipwa. Karatasi ile ya kumsimamisha imefutwa, na nimeandika nyingine ya kumsafisha, ambayo nitaisoma mbele yenu tukimaliza. Ile ya kwanza ilisomwa mbele ya watu, basi na hii isomwe mbele ya watu.

Naomba tukubaliane haya

Shofa aandike, na anayesoma kaye asome mpaka mstari wa mwisho. Kila mwisho wa wiki mtu mmoja wa komite aketi na shofa, amuulize: inaanza lini, ikiwa na moto au baridi, kisha nini? Maswali hayo matatu ni nusu ya matengenezo.

Hakuna kununua piesi bila kupima ile ya zamani na kuandika namba zilizoonekana. Fundi akisema «imekufa», tumuombe kwa heshima atuoneshe. Fundi mzuri hatakasirika.

Kila kiungo cha waya ku gari ya chama kichomelewe. Utepe peke yake ni ahadi tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mtu asihukumiwe kwa namba moja. Lita 27 ilikuwa kweli. Lakini ilikuwa kweli ya gari, sisi tukaifanya kuwa kweli ya mtu. Sisi tuliorudi tunajua vizuri maana ya kutazamwa kwa jicho lile: umerudi na nini, umekula nini huko, unaficha nini. Tusifanyiane wenyewe.

Kwa wafadhili ombi langu ni dogo. Sitaki gari nyingine. Tunahitaji testa nzuri, mashine ndogo ya kusoma namba kwa zile gari za tundu la miguu 16, chuma cha kuchomelea, na fedha za kumruhusu kijana wetu afundishe wenzake wanne kwa miezi mitatu, wawili wa Kasongo na wawili wa Kabambare. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Fundi aliye Bukavu hawezi kumsaidia mama aliyekwama ku daraja usiku.

Na kwako kaka yangu uliyekaa pale mlangoni na ufunguo mkononi: nilikukosea, na nilikukosea kwa karatasi, ambayo inakaa zaidi ya maneno. Ninakuomba msamaha mbele ya wazee.



(Baada ya maneno haya karatasi ya pili ilisomwa. Shofa alisimama, akasema kwamba amesikia na amepokea, na kwamba anaomba jambo moja: ku kaye mpya ya gari, mstari wa maoni uwe mpana zaidi. Mkutano ulikubali.)